Neno la Alhamisi

Daftari lilikuwa na mistari kumi na saba kila ukurasa, mstari mmoja kwa kila shehia, na Alhamisi nyingi niliijaza yote kumi na saba kwa neno moja. Ukilifungua leo, kama mchwa hawajalimaliza, utaliona neno hilo limejipanga kutoka juu hadi chini kwa mwandiko wangu wa skuli, herufi zimeinama upande mmoja kama watu waliorukuu. Quiet. Quiet. Quiet. Nilikuwa karani katika ofisi ya Mzungu mmoja mjini Wete. Cheo chake sitakitaja, maana yeye ameshakwenda zake na mimi bado nipo, na lawama ninayoisimulia hapa ni yangu.

Kazi yenyewe haikuwa nzito. Asubuhi ya Alhamisi masheha, wakuu wa shehia hizo, walileta taarifa zao, wengine kwa karatasi, wengine kwa mdomo, nami nilizikamua nikazitia katika Kiingereza. Wiki yangu ya kwanza nilijaza ukurasa mzima kwa habari za shehia moja tu: ng'ombe aliyekula mihogo ya watu, mke aliyerudi kwao, kisima kilichofukiwa. Bwana alisoma, akacheka bila ubaya, akachukua penseli yake nyekundu akayakata yote, kisha akaandika neno moja pembeni. Halafu akaniketisha kunifundisha, maana alipenda kufundisha. Neno hili, alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni, lina kazi nyingi. Mtu asiye na maneno mengi huitwa hivyo. Bahari isiyo na mawimbi, njia isiyo na magari, rangi isiyowaka, punda asiyepiga mateke, maisha ya mtu aliyestaafu, yote hayo neno lake ni hilo hilo.

"Ni neno zuri, Ahmada," akasema. "Halimdhuru mtu."

Nililipenda, sikatai. Katika daftari langu dogo la mfukoni nilianza kulitafutia ndugu zake wa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoiona ajabu yake. Mtoto akilala, nyumba huwa kimya. Upepo ukianguka, bahari huwa shwari. Asiyegombana na watu ni mpole, na anayelijua jambo akalimeza ni mnyamavu. Soko lisilo na wanunuzi limedorora. Mahali walipohama watu ni mahame. Kwetu sisi lazima uchague, na ukishachagua umeshasema ulichokiona. Lile la Kizungu halikulazimishi kuchagua kitu. Unaliweka mahali pake, unakwenda kunywa chai.

Hiyo ilikuwa kabla ya siasa kuingia majumbani. Baada ya uchaguzi wa Januari, mwaka wa sitini na moja, kijiji chetu cha Mrashini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Konde, kilipasuka vipande viwili. Vyama sitavitaja, waliokuwapo wanavijua, na wasiokuwapo hawapungukiwi na kitu. Kulikuwa na sisi na kulikuwa na wao. Sisi wengi wetu tulikuwa wenyeji wa tangu na tangu, na wao wengi wao babu zao walitoka Bara, ingawa wenyewe walizaliwa papo hapo na Bara hawajapata kuiona hata kwa mbali. Watu wakaacha kuamkiana. Kila upande ukawa na duka lake na kisima chake, na wanawake wakaachwa kwa sababu ya kura za kaka zao.

Mwishowe wazee wa upande wetu walikaa msikitini baada ya sala ya Ijumaa wakasoma Halbadiri, ile dua ya kuapiza. Mtu wetu yeyote atakayekanyaga harusi yao au matanga yao, basi naye siku yake ikifika asioshwe, asichukuliwe, wala asizikwe na mtu wetu. Wiki ya pili wao nao wakasoma ya kwao katika banda walilojijengea la kusalia. Mungu akawa anaombwa na pande zote mbili awaangamize wa pande zote mbili, na sijui alikuwa anatuonaje. Sheha wetu, Mzee Vuai, aliniletea habari hiyo Alhamisi iliyofuata. "Dua zimesomwa," ilisema karatasi yake. "Hakuna fujo." Nikalitia neno langu, nikageuza ukurasa.

Sasa nimtaje mama yangu. Bi Time binti Hija alikuwa mwosha maiti. Kuosha ni kazi ya watu wawili, mmoja amimine na mmoja asugue, na mwenzake kwa miaka thelathini alikuwa Bi Masika, mjane wa upande ule mwingine wa kijiji. Hakufa mwanamke Mrashini asipite mikononi mwa wawili hao. Walikuwa na kata mbili za kifuu cha nazi, mipini yake imelainika kwa kushikwa, na kila mmoja alikaa na kata ya mwenzake. Ya Bi Masika ilitundikwa msumarini nyumbani kwetu, ya mama ilitundikwa nyumbani kwa Bi Masika. Atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, tena kwa kata yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ahadi waliyowekeana tangu mimi sijabaleghe.

Walikuwa wakitaniana juu ya hilo kama wengine wanavyotaniana juu ya posa. "Siku yako mie ntakusugua visigino mpaka vitakate," Bi Masika alikuwa akimwambia, "maana jiwe la kusugulia hulijui." Naye mama humjibu, "Basi bora utangulie weye, shoga, nkuoshe ningali na nguvu zangu." Wakicheka mpaka kuku wakikimbia uani.

Mwezi wa Februari, kabla dua hazijasomwa, nilimleta mama Wete kwa ajili ya mtoto wa jicho. Daktari wa macho alikuwa amekuja kutoka Unguja. Alimpasua jicho la kulia, baada ya majuma matatu akampasua la kushoto, akaagiza yafungwe yote mawili, mgonjwa akae chumbani asiinamishe kichwa wala asilie. Alikaa kwangu, chumba cha uani, akihudumiwa na mke wangu Mize. Kila Alhamisi nikirudi kazini alivitambua viatu vyangu, akauliza swali lile lile.

"Kwetu kuna n'ni?"

"Shwari, mama."

"Masika hajambo?"

"Hajambo."

Habari ya dua sikumwambia. Nilijiambia daktari amekataza machozi, na hilo lilikuwa kweli, na uongo unaosimama juu ya neno la kweli ndio mgumu kuuangusha.

Jumatatu moja, zikiwa zimebaki siku kumi mama afunguliwe macho, Jaribu alikuja ofisini. Jaribu ni mtoto wa Bi Masika, rika langu, mtu niliyecheza naye utotoni mpaka tukavunjana meno. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuingia. Alitazama nyuma kwanza, kwani naye alikuwa na dua yake ya kuiogopa.

"Mama kalala, Ahmada," akasema. "Hali tena. Tumbo limemvimba."

"Mungu atamponya."

"Mwenyewe ajua kuwa hainuki. Kanituma kwako. Asema, mwambie shoga yangu aje, nimwone. Na kama macho hajafunguliwa, basi aongozwe. Asema ya kuniosha mie vidole vyamtosha."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliichovya kwenye wino ingawa sikuwa na la kuandika.

"Ntamwambia," nikasema.

"Leo?"

"Leo."

"Ahsante, ndugu yangu," Jaribu akasema, akaondoka. Hilo ndilo linalonichoma mpaka hii leo, kwamba alinishukuru.

Nilikwenda nyumbani kwa njia ndefu, ya kupitia sokoni. Nilijua mama akisikia atafunga buibui lake muda ule ule, macho yamefungwa hivyo hivyo, na hakuna wa kumzuia. Nilijua pia kijiji kitamfanya nini. Nilimwona akilini mwangu amelala maiti juu ya kitanda na mlango uko wazi na hakuna anayeingia. Picha hiyo ilinitia hofu kuliko kitu chochote nilichopata kuogopa, na sitajitetea zaidi ya hapo. Hofu nyingine ilikuwa ndogo, ya karani: watu wetu wangesema mama yake Ahmada kaasi, na maneno yangefika ofisini. Nilipofika, mama aliuliza mbona nimerudi mapema. Nikasema kichwa kinaniuma. Nikala, nikanawa, nikalala usingizi wa mchana.

Jumanne haikuwa siku ya kuuliza habari za kwetu, wala Jumatano. Alhamisi Mzee Vuai alileta karatasi yake. "Amefariki mwanamke mmoja wa upande wa pili," ilisema. "Hakuna fujo."

"Nani?" nikauliza, kama mtu asiyejua.

"Masika. Jana asubuhi."

"Kaoshwa na nani?"

"Na bintiye, Kijakazi. Peke yake." Mzee Vuai alikuwa akiyasema haya huku akiitazama picha ya ukutani. "Wanawake walijaa uani, lakini nani aliyewahi kujifunza? Kazi ile ilikuwa ya wawili. Wasema akimimina mwenyewe, akiweka kata chini, akisugua mwenyewe, akiokota kata tena. Kaanza baada ya adhuhuri, kamaliza alasiri imeshaadhiniwa."

Kisha akaongeza, na sijui kwa nini aliongeza. "Na wasema kila ikisikika honi ya gari kule njia ya Konde, maiti yule, kabla hajawa maiti, alikuwa akigeuza uso mlangoni."

Nikachovya kalamu. Mrashini, nikaandika, na mbele yake neno langu. Siku hiyo kulikuwa na joto, na wino ulikauka upesi.

Nilipofika nyumbani mama alivisikia viatu.

"Kwetu kuna n'ni?"

"Shwari, mama."

"Masika hajambo?"

Nikasema hajambo.

Alipofunguliwa macho alimwona Mize kwanza, akalia kidogo, akacheka kwa sababu amelia. Halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu. "Umezeeka, mwanangu," akasema. Hakutaka kukaa hata siku mbili. Alinunua halua ya Wete, akaifunga vizuri kwenye kijamanda, kikapu kidogo cha mfuniko, akasema anakwenda kumwonesha Masika macho mapya, na kwamba ataanza kwa kumwambia vile alivyo mbaya wa sura maana miaka yote hii hakuwa akimwona sawasawa. Ilikuwa lazima nimwambie wakati ule. Nafasi nilikuwa nayo, kuanzia chumbani hadi stendi ya magari ya Konde, nimebeba jamanda lake mkononi. Nikampandisha garini, nikamwambia nina kazi nyingi, tutaonana Ijumaa.

Ijumaa nilimkuta ukumbini kwetu, amekaa mkekani, kata ya Bi Masika iko mapajani mwake. Kutoka garini alikuwa amekwenda moja kwa moja mpaka mlango wa shoga yake, akapiga hodi kwa madaha yake ya siku zote, akaitikiwa na Kijakazi aliyevaa nguo za kilio. Alikaa nao siku tatu, akawakalia matanga yaliyokwisha kuondoka. Kijiji kizima kilimwona akiingia na kilimwona akitoka.

"Jaribu alikuja kwako?" akaniuliza.

"Alikuja, mama."

"Siku gani?"

"Jumatatu."

"Na Masika kafa siku gani?"

"Jumatano."

Alihesabu kwa vidole, polepole, vile wanavyohesabu watu wasiokwenda skuli. Vidole viwili. Aliviangalia, kisha akavikunja. Na tangu hapo mama yangu hakunisemesha tena.

Watu hudhani mtu akikununia hugeuza uso. Mama hakununa. Nikija, chakula changu kimefunikwa kawa, maji ya kuogea yamewekwa. Alizungumza na kuku, alizungumza na Mize kila nilipomleta, na Mize alipopata mimba alizungumza na tumbo lake, akaliamkia asubuhi na kulieleza mambo ya shamba. Mimi alinitazama kwa macho yale mapya, yanayoona kila kitu, akapita. Nilitaka anitukane. Nilimwomba radhi nimepiga magoti juu ya udongo, akaningojea nimalize kisha akaenda kuanua nguo. Nikalitoa daftari langu la mfukoni, lenye orodha yangu niliyoionea fahari, nikatafuta nyumba ya namna ile inaitwaje. Sikuandika kitu.

Na lile nililoliogopa likaja vilevile. Watu wetu hawakusahau kwamba amekaa siku tatu matangani kwao. Alipoita mtu njiani, mtu alikuwa na haraka. Sikukuu ya Idi ya kuchinja hakuna aliyemletea sahani ya nyama, yeye aliyewaosha mama zao. Kwa hiyo ninapojiambia nilimficha ili nimkinge, najua nasema nini. Nilimpokonya shoga yake, na kinga yenyewe haikupatikana.

Alikufa mwezi wa Septemba, Jumapili asubuhi, baada ya homa ya siku nne. Nilikuwapo. Karibu na mwisho alifumbua macho akamtafuta Mize, wala si mimi, akasema taratibu, "Kata yangu iko kwa Masika." Nikaelewa kuwa huo ni wasia, na kwamba nimeachiwa kuusikia tu.

Niliufungua mlango wa mbele wote, vile inavyofanywa, nikatuma habari msikitini. Jua likapanda. Niliwaona watu wakipita njiani, wengine wakiwa na majembe, na kila aliyefika mbele ya nyumba yetu alipata kitu cha kutazama upande wa pili. Ufuo uani niliuchimba mwenyewe, ule mfereji wa kupokea maji ya kuoshea chini ya kitanda. Saa tatu ikafika, saa nne ikafika. Nikavaa kofia, nikavuka kijiji.

Mlango wa nyumba ya Bi Masika ulikuwa umerudishwa. Kwetu hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa unarudi ulikotoka, maana mwenye nyumba ana haki ya kutokutaka. Nilipiga ya kwanza. Nikapiga ya pili, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Niliingoja nafsi yangu kabla ya kupiga ya tatu, kwa kuwa baada yake sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikapiga. Hakukuitika mtu. Nilikuwa nimeshateremka ngazi ya baraza nilipokisikia ndani kitu kikikwaruza ukuta, sauti ndogo ya kitu kinachotolewa msumarini.

Kijakazi alitoka na kata ya mama mkononi, amejifunga kanga kiunoni tayari.

"Nimekusikia tangu hodi ya mwanzo," akasema.

"Basi mbona hukuitika?"

"Nilitaka ungoje."

Hakulisema kwa hasira. Alinipita akatangulia mbele, nami nikamfuata mchana kweupe katikati ya kijiji, karani wa Serikali nyuma ya mwanamke mwenye kata. Tulipofika aliuliza nani atamimina. Nikasema Mize. Akalitazama tumbo la Mize, maana mjamzito kwetu hasogezwi karibu na maiti, kila mtu analijua hilo.

"Hakuna mwengine?"

"Hakuna," Mize akajibu mwenyewe. "N'onyeshe."

Nilikaa nje ya pazia. Nilisikia Kijakazi akifundisha kwa sauti ya chini: anzia kulia, usimimine kwa pupa, inua mkono, sasa ngoja. Maji yakiteremka ufuoni. Wakati mmoja nilimsikia akisema, si kwa Mize, "Na visigino, Bi Time. Mama kaniachia visigino vyako." Hapo ndipo nilipolia, na nilichelewa mno.

Ufunguo wa chumba cha jeneza haukuonekana, mshika ufunguo alikuwa amekwenda shamba. Jaribu alikuja na watu wake watatu, kila mmoja akijua atakuwa na kesi na wenzake jioni ile. Tukakigeuza kitanda cha kamba, tukamlaza humo, tukamchukua. Mazishi yetu watu hupokezana jeneza kila hatua chache, bega kwa bega, hata mwenye maiti hapati nafasi. Sisi tulikuwa watano. Nilishika mguu wa mbele wa kitanda kutoka nyumbani mpaka makaburini na hakuna aliyenipokea.

Alhamisi Mzee Vuai alikuja na karatasi. Aliiweka mezani akaisukuma kwa kidole. "Amefariki mwanamke mmoja mtu mzima. Hakuna fujo."

"Mwanamke gani, Mzee Vuai?"

"Wamjua."

"Mtaje."

"Ahmada, Bwana hataki majina. Weye ndiye uliyetufundisha hivyo." Na alisema kweli. Mke wake wa kwanza aliwahi kuoshwa na mama na Bi Masika.

Nilipofika mstari wa Mrashini niliandika. Niliandika kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho: kwamba Bi Time binti Hija, mwosha maiti kwa miaka thelathini, amefariki, na hakuna jirani aliyeingia, kwamba kabla yake Bi Masika alimngoja shoga yake siku mbili na habari ikazuiwa na karani wa ofisi hii, kwamba watu wameapa wasizikane. Mstari haukutosha. Nikaingia pembeni, nikashuka katika mstari wa shehia inayofuata.

Bwana alisoma akiwa amesimama. Aliondoa miwani, akaniambia pole sana kwa Kiswahili, na nadhani alinionea huruma kweli. Halafu akauliza, kuna mtu aliyejeruhiwa? Nikasema hakuna. Kuna nyumba iliyochomwa? Hakuna, Bwana. Akatikisa kichwa taratibu, akachukua rula ili mstari usipinde, akayakata maneno yangu moja baada ya jingine kwa penseli nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko wake mdogo mzuri, akaandika lile neno. Akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

Sikuacha kazi. Ningependa kusema niliacha. Mize alikuwa na mimba ya miezi sita, na tangu alipomimina maji yale, wakunga wa upande wetu, hata wa mjini Wete, walikuwa wamekwisha kutuletea salamu kuwa siku yake tusiwaite.

Ilikuwa wiki ya nne baada ya mazishi, Alhamisi, nimeshajaza mistari kumi na nne, nilipomwona Jaribu mlangoni. Alisimama pale pale, kofia mkononi. Mara hii hakutazama nyuma.

"Kuna bibi wa kwetu kafa alfajiri," akasema. "Kijakazi yupo peke yake. Kanituma kwa Mize. Asema akikataa si neno, ila aambiwe."

Nilimfikiria Mize na tumbo lake, na kitanda chake cha kujifungulia, na nani atakayekuja. Mlango ule ule, mtu yule yule, na kalamu ilikuwa tena mkononi mwangu. Mstari wa Mrashini ulikuwa bado mtupu.

"Ntamwambia," nikasema.

"Leo?"

"Sasa hivi."

Nikaufunika wino, nikatoka. Jaribu hakunishukuru. Aliivaa kofia yake, akanifuata nyuma hatua chache, njia yote ya sokoni, mpaka mlangoni kwangu, na akasimama pale barazani kusikiliza kwa masikio yake nikipiga hodi.